Mvinyo mchanga wa Bordeaux usihukumiwe kwa ulaini

Ndugu Mhariri,

Makala za mvinyo zimeongezeka katika magazeti ya Kiswahili, na sisi tunaoonja mvinyo kwa makini tunalifurahia jambo hilo. Hata hivyo, kuna kosa linalojirudia kila makala hizo zinapogusa mvinyo mwekundu ulio mchanga wa Bordeaux, kusini-magharibi mwa Ufaransa. Chupa hufunguliwa, huonjwa papo hapo, kisha hukumu hutolewa kwa neno moja: huu ni laini, ule ni mkali. Laini husifiwa, mkali hukataliwa. Kwa mvinyo wa kawaida uliotengenezwa ili unywewe mapema, kipimo hicho kinatosha. Kwa mvinyo bora wenye umri wa miaka miwili hadi mitano, kinampotosha msomaji, kwa sababu ukakasi anaoukimbia ndio akiba ambayo mvinyo utaishi kwayo miaka 15 au 20 ijayo. Ukakasi lazima uwepo. Kazi ya mwonjaji ni kutambua ni ukakasi wa namna gani, umebebwa na nini, na unauacha mdomo katika hali gani.

Tuanze na kilichomo ndani ya chupa. Karibu kila mvinyo mwekundu wa Bordeaux ni mchanganyiko wa aina mbalimbali za zabibu. Kushoto mwa mto Garonne na mlango wa bahari wa Gironde, yaani Médoc na Pessac-Léognan, ardhi ina kokoto nyingi zinazopitisha maji upesi na kutunza joto la mchana. Huko Cabernet Sauvignon ndiyo hutawala. Kulia mwa mto Dordogne, huko Saint-Émilion na Pomerol, kuna udongo wa mfinyanzi na mawe ya chokaa, na sehemu kubwa ni Merlot ikisaidiwa na Cabernet Franc. Punje za Cabernet Sauvignon ni ndogo na ganda lake ni nene, hivyo kila lita ya maji yake huja na tanini nyingi, yaani zile kemikali za maganda na kokwa ziletazo ukakasi. Merlot huiva mapema, hukusanya sukari zaidi ambayo hugeuka kileo, na huleta unono. Kuulaumu mvinyo wa Pauillac, ulio ndani ya Médoc, kwa kuwa haukuteleza ulimini kama wa Pomerol ni kuulaumu kwa kuwa wenyewe. Hata ndani ya Médoc kuna tofauti. Saint-Estèphe, yenye mfinyanzi mwingi zaidi, mara nyingi hutoa tanini ngumu. Margaux hujulikana kwa harufu ya maua, na Saint-Julien huwa katikati.

Maandalizi ni sehemu ya hukumu, na hapa ndipo waandishi wengi hupoteza mvinyo kabla hata haujafika mdomoni. Joto linalofaa ni nyuzi 16 hadi 18 za Selsiasi. Ushauri wa kuunywa mvinyo mwekundu kwa "joto la chumba" ulianzia katika nyumba za Ulaya zilizokuwa na baridi kuliko vyumba vya leo. Katika chumba chenye nyuzi 25, kileo hupanda puani, tunda hufifia na kila mvinyo huonekana mzito na mchovu. Dawa ni kuitumbukiza chupa katika ndoo ya maji na barafu kwa dakika 10 hadi 15. Ukishuka chini ya nyuzi 14, kinyume hutokea: harufu hujifunga, na tanini pamoja na uchachu huonekana vikali kuliko vilivyo. Mvinyo uleule, chupa ileile, unaweza kupata sifa mbili zinazopingana kwa sababu ya tofauti ya joto tu.

Glasi iwe nyembamba ukingoni, yenye tumbo pana na mdomo unaobana. Ile ya INAO (taasisi ya Ufaransa inayosimamia majina ya asili ya mvinyo), iliyowekewa kiwango cha kimataifa katika miaka ya 1970, hubeba takriban mililita 215, lakini humiminwa mililita 50 tu ili mvinyo upate nafasi ya kuzunguka. Inuse glasi tupu kwanza. Kabati la mbao, kitambaa chenye unyevu na sabuni huacha harufu ambayo mtu asiye makini huisingizia chupa. Usionje baada ya kahawa au dawa ya meno, wala usijipulizie manukato.

Funika chupa. Waonjaji wazoefu ndio wanaolihitaji sharti hili zaidi, maana majina wanayajua. Mwaka 2001 ulichapishwa utafiti uliofanyika huko huko Bordeaux, ambamo wanafunzi 54 wa elimu ya mvinyo walipewa mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na harufu. Waliueleza kwa maneno ya mvinyo mwekundu. Ikiwa rangi pekee ilifanya hivyo, lebo itafanya zaidi. Tena madaraja ya 1855 yaliyoandikwa kwenye lebo za Médoc yalipangwa na madalali kwa kufuata bei za wakati huo, kwa ajili ya Maonyesho ya Dunia ya Paris, na tangu hapo badiliko kubwa ni moja: shamba la Mouton Rothschild kupandishwa hadi daraja la kwanza mwaka 1973. Pomerol haina madaraja rasmi kabisa. Lebo inaonyesha heshima ya shamba, ila kuhusu mwaka uliomo ndani ya chupa hiyo haisemi lolote.

Kuhusu rangi tutasema machache, kwa kuwa hupewa uzito usioistahili. Inamisha glasi juu ya karatasi nyeupe. Mvinyo mchanga wenye afya utakuwa na kiini cheusi au chekundu iliyokolea na ukingo wa zambarau. Ukingo wa kahawia katika umri wa miaka mitatu ni onyo la hewa kuingia mapema. Kina cha rangi hutegemea aina ya zabibu, unene wa maganda na namna yalivyoloweshwa, na mvinyo mweusi kama wino unaweza kuwa mtupu mdomoni. Yale "machozi" yanayoteremka ndani ya glasi hutokana na kileo kinachogeuka mvuke upesi kuliko maji. Hayapimi ubora, na ingekuwa vyema yakiachwa nje ya makala.

Puani nenda kwa hatua. Nusa kabla ya kuzungusha, kwa sababu harufu nyepesi na kasoro nyingi huonekana hapo. Zungusha, kisha nusa tena kwa pumzi fupi mbili tatu. Pumzi ndefu huchosha pua na haiongezi kitu. Iache glasi dakika 10, urudi. Kwanza tafuta hali ya tunda kabla ya kutafuta jina la tunda. Je, ni bichi, limeiva na lina uhai, au limepikwa hadi likawa jamu? Tunda la upande wa kushoto mara nyingi hufanana na lile dogo jeusi ambalo Wafaransa huliita cassis, likiandamana na mwerezi, tumbaku na penseli iliyochongwa sasa hivi. La upande wa kulia huelekea plamu na cheri nyeusi, na Cabernet Franc huongeza maua ya urujuani. Harufu ya zabibu kavu au ya jamu katika mvinyo mchanga inaonyesha kwamba joto liliwahi kuliko uamuzi wa kuvuna. Tunda la namna hiyo limeshatumia sehemu ya umri wake.

Harufu ya pilipili hoho huchanganya wengi. Hutokana na pirazini, kemikali zilizomo katika jamii ya Cabernet, ambazo pua huzitambua kwa nanogramu chache tu katika lita. Hupungua kadiri zabibu zinavyoiva na kupata mwanga. Kidogo chake, kama jani lililosagwa vidoleni, huupa mvinyo uhai na huashiria asili yake. Kikizidi hadi kufunika tunda, mavuno hayakuiva, na tanini itakayofuata mdomoni itakuwa mbichi vilevile. Miaka ya baridi na mvua kama 2013 ina mifano mingi. Yenye jua na ukame kama 2022 ina hatari ya upande wa pili. Kwa hiyo mwaka wa mavuno ujulikane kwa mwonjaji hata kama shamba limefichwa.

Kisha kuna mwaloni. Mvinyo bora wa Bordeaux hukaa miezi 12 hadi 20 katika mapipa ya lita 225, na mashamba makubwa hutumia mapipa mapya kwa nusu ya mvinyo au hata kwa wote. Kutoka humo huja vanila, karafuu, moshi na mkate uliobanikwa. Kuzikuta harufu hizo katika mvinyo wa miaka miwili si kasoro. Angalia kama tunda linasimama nyuma yake. Baada ya nusu saa glasini, mbao zilizotiwa kwa kipimo husogea kando na tunda huja mbele. Zisizo na kipimo hubaki palepale, kisha hurudi mwishoni mwa mdomo zikiwa na ukavu unaokwaruza ufizi. Mvinyo wa aina hiyo haurekebishiki kwa kungoja, kwa kuwa tunda hupungua kwa miaka na mbao hubaki.

Sasa mdomo, ambako hukumu halisi hutolewa. Chukua kiasi cha mililita 10, kijiko kikubwa kisichojaa. Uzungushe pande zote, vuta hewa kidogo kati ya midomo, ukae nao sekunde 10 hadi 15, kisha uteme. Usihesabu alama za mvinyo ulioumeza. Baada ya glasi tano zilizomezwa, kileo ndicho kinachoandika.

Tanini hushikana na protini zilizomo katika mate. Protini hizo ndizo huyapa mate utelezi, kwa hiyo zikishikwa, ulimi na mashavu hukwaruzana, kama baada ya kunywa chai iliyochemka mno au kutafuna ndizi mbichi. Yapo maswali matatu, na msomaji anastahili jibu la kila moja. La kwanza ni wingi: kiasi gani cha ukakasi kipo? La pili ni punje yake: je, ni kama vumbi laini la unga, kama kitambaa cha mahameli, au kama msasa? Tanini ya maganda yaliyoiva huelekea kuwa laini na kuenea kote mdomoni. Tanini ya kokwa zilizosukumwa kupita kiasi huja na uchungu unaokaa nyuma ya ulimi. La tatu ni mahali inapokaa: ikienea sawasawa na kuondoka pamoja na tunda, ni njema. Ikibaki peke yake kwenye ufizi tunda likiwa limeshaondoka, mvinyo umekamuliwa kuliko ulichokuwa nacho. Mvinyo unaweza kuwa na tanini nyingi kupindukia na bado ukawa bora, ilimradi punje iwe laini na tunda liwe na nguvu ya kuibeba. Kinyume chake, upo mvinyo wenye tanini kidogo lakini mbovu, na huo ndio unaopita kwenye makala zetu ukiitwa "mwepesi na wa kupendeza".

Baada ya kutema, subiri. Kama mate yanarudi yenyewe ndani ya sekunde chache na mdomo unatamani tena, uchachu upo wa kutosha na mvinyo una uhai. Kama mdomo unabaki mkavu na wenye joto, tanini na kileo vimeushinda uchachu. Jaribio hili dogo, kwa maoni yetu, lina thamani kuliko orodha ya matunda kumi.

Émile Peynaud, mtaalamu wa Bordeaux aliyeishi kati ya 1912 na 2004, alieleza usawa kwa njia inayoeleweka na yeyote: upande mmoja kuna ladha yenye utamu, ambayo katika mvinyo mkavu hutoka hasa kwenye kileo. Upande wa pili kuna uchachu pamoja na tanini. Viwili hivi vya upande wa pili hutiliana nguvu. Ndiyo maana mvinyo wenye tanini nyingi hauvumilii uchachu mkali, na mvinyo mchachu huhitaji tanini chache. Katika miaka ya joto kileo kimefika asilimia 14 au 14.5 kwenye chupa nyingi, hivyo ulaini huja kwa urahisi na huweza kuficha upungufu wa uchachu. Mwandishi anayesifu ulaini peke yake, katika mwaka kama huo, anasifu joto la jua.

Urefu upimwe kwa saa. Waonjaji wa Kifaransa huita sekunde moja ya ladha inayobaki "caudalie". Anza kuhesabu ulipotema na uhesabu ladha ya tunda na harufu yake tu. Muungurumo wa kileo kooni usihesabiwe, wala ukavu wa tanini. Sekunde nne au tano ni za mvinyo wa kawaida. Kuanzia 10 kwenda juu tunazungumzia mvinyo wa maana.

Ukionja chupa kadhaa kwa mfuatano, kumbuka kwamba ukakasi hulimbikizana. Glasi ya nne huonekana kali kuliko ilivyo kwa sababu mate yamechoshwa na zile tatu. Pumzika dakika mbili au zaidi, kunywa maji, tafuna kipande cha mkate mtupu, na urudie mfuatano kwa kuanzia mwisho. Jibini na nyama visiwepo mezani wakati wa kupima. Mafuta na protini zake hushikana na tanini kabla haijafika kwenye mate, na mvinyo mbovu hupata msamaha usioustahili. Wafanyabiashara wa zamani walikuwa na msemo wao: nunua kwa tofaa, uza kwa jibini.

Kuhusu muda, mvinyo mchanga wa daraja hili uonjwe angalau mara tatu: unapofunguliwa, baada ya saa tatu ndani ya jagi la kioo, na siku ya pili. Kwa jaribio la siku ya pili, mimina nusu ya mvinyo katika chupa safi ya mililita 375 mara tu unapofungua, ijaze hadi shingoni, iweke mahali pa baridi. Nusu nyingine ibaki katika chupa yake na hewa juu yake, nje ya friji lakini mbali na joto. Kesho yake zilinganishe. Mvinyo uliokaa na hewa saa 24 na bado tunda lake lina uhai, tanini yake imelainika na harufu imefunguka zaidi, una akiba ya miaka mingi. Ulioporomoka na kunuka tofaa lililopondeka haufai kuhifadhiwa, hata kama jana ulivutia kuliko wenzake. Hakuna kipimo kingine cha nyumbani kinachokaribia hiki, na mara nyingi hupindua hukumu ya dakika tano za kwanza.

Kasoro zitenganishwe na uchanga. Kadibodi iliyolowa au ghala lenye ukungu ni kizibo kilichoharibika. Kemikali inayohusika, TCA, huua tunda hata pale harufu yake inapokuwa hafifu, kwa hiyo mvinyo uliokufa bila sababu ufunguliwe chupa ya pili kabla ya kuandikwa vibaya. Siki au dawa ya kufutia rangi ya kucha ni kazi ya bakteria na hewa. Zizi la farasi na plasta ya kidonda hutokana na hamira iitwayo Brettanomyces, ambayo haipungui kwa kungoja. Yai viza au njiti ya kiberiti iliyowashwa ni mvinyo uliokosa hewa. Hiyo mara nyingi huondoka kwa kumimina toka jagi hadi jagi, na ni makosa kuuhukumu kabla ya kufanya hivyo. Lakini ukimya, yaani mvinyo usiosema kitu puani ingawa mdomoni ni mzito na mrefu, hutokea baada ya kutiwa chupani na tena katika miaka ya kati. Huo si ugonjwa.

Mwisho, sampuli za pipa. Kila majira ya kuchipua wanunuzi huonja Bordeaux mvinyo wenye umri wa miezi sita hivi, ambao utatiwa chupani mwaka mmoja au zaidi baadaye. Mchanganyiko unaweza kubadilika, mapipa bado yanafanya kazi, na sampuli iliyochotwa asubuhi huweza kuwa imechoka ifikapo jioni. Alama za hatua hiyo huandikwa kama masafa, kwa mfano 92 hadi 94, na zisinakiliwe kama hukumu ya chupa.

Tunachoomba, Ndugu Mhariri, ni nafasi ndogo chini ya kila makala ya mvinyo. Iandikwe mwaka wa mavuno, kama ni pipa au chupa, joto la kuonjea, saa tangu kufunguliwa, na kama lebo ilifichwa. Ukakasi uelezwe kwa wingi na kwa punje yake, na urefu kwa sekunde. Pale mwandishi alipoonja mara moja tu, dakika tano baada ya kuchomoa kizibo, hilo nalo lichapishwe, ili msomaji anayetaka kuweka sanduku zima kwa miaka 15 ajue amepewa ushahidi wa kiasi gani.

Ni sisi wasomaji wako,
Waonjaji wa mvinyo